Draivi ya diski ya Amstrad CPC 6128: nimebadilisha mkanda, sa hivi inasoma na kuseivu vizuri kabisa

Hii kompyuta ilikuwa ya marehemu baba mdogo, alirudi nayo toka Uingereza mwaka 1991, ikakaa juu ya kabati pale Magomeni miaka na miaka imefunikwa khanga, mpaka mwaka huu mama mdogo akaniambia mwanangu ichukue uiangalie kama bado ina uhai, ukiona imekufa usiitupe, nirudishie. Nimekaa nayo miezi minne sasa. Kompyuta yenyewe watu wengi wanaijua, ilitoka 1985, prosesa ya Z80 ya 4 MHz na memori ya 128K, mi nataka kuongelea draivi yake ya diski tu maana ndo roho ya mashine na ndo inayosumbua wengi.

Kwanza umeme. Plagi yake ni ile ya pini tatu kama tunayotumia hapa Dar, volti zinaendana, kwa hiyo sikuhitaji adapta wala transfoma. Inakuja na monita yake, yangu ni ile ya kijani, na hilo lilimsaidia baba mdogo sana maana 1991 huku Bara hata kituo cha televisheni hatuna, ITV imekuja 1994, sasa angeichomeka kwenye tivi ya nani? Ila monita ndo inayoilisha kompyuta, na nyaya ziko mbili, moja ya volti 5 na nyingine ya volti 12, na motor ya draivi inakula hiyo ya 12. Mi nilichomeka ya 5 peke yake, kompyuta ikawaka, kibodi inafanya kazi, draivi kimya. Jioni nzima naamini draivi imekufa kumbe waya umelala nyuma ya meza. Ukiipata mashine kama hii angalia hizo nyaya kabla hujashika bisibisi.

Baada ya kuchomeka waya wa pili taa nyekundu ikawaka, motor nikaisikia inalia kwa ndani, ila diski haizunguki na skrini ikaniandikia Drive A: read fail, Retry, Ignore or Cancel? Yaani imeshindwa kusoma. Nikabonyeza R ijaribu tena mpaka nikachoka. Hapo ni mkanda. Hizi draivi za inchi 3 motor yake haizungushi diski moja kwa moja, kuna mkanda mwembamba wa raba katikati, na raba ikikaa miaka thelathini na zaidi, tena kwenye joto na unyevu wa Dar, inalegea au inayeyuka inakuwa kama lami. Wa kwangu ulikuwa umeganda kwenye puli, nikautoa na kijiti cha meno na pamba yenye spiriti.

Nikapeleka kwa fundi mmoja Kariakoo, jina lake naliacha, akaniwekea mkanda wa redio kaseti, ule ambao raba yake ni ya mviringo, sio bapa. Nyumbani diski ikazunguka kweli, nikafurahi, nikaandika CAT, amri ya kuonyesha orodha ya mafaili, read fail tena. Sababu ni kwamba diski inatakiwa izunguke mara 300 kwa dakika, na mkanda wa hii draivi ni bapa, ukiweka mnene au wa mviringo spidi inabadilika na kichwa cha kusomea diski kinasoma takataka. Yule fundi alinichaji elfu ishirini na tano na hakutaka kusikia habari ya mkanda bapa, kila nikimwambia anajibu mkanda ni mkanda tu. Sio kweli asee, na iliniuma maana nilimwonyesha vipande vya ule wa zamani. Mwisho nikaagiza Uingereza kwa mtandao, ukaja baada ya wiki tano, nikauweka mwenyewe mezani kwangu Tabata, dakika arobaini hivi, na nusu ya muda huo ni kufungua skrubu taratibu.

Nikaweka diski, nikaandika CAT, na mafaili yakashuka kwenye ile skrini ya kijani, yamepangwa kwa alfabeti, kila jina na ukubwa wake. Nilisimama. Nikampigia mama mdogo usiku huohuo.

Sasa matumizi. Kuseivu ni kuandika SAVE"DUKA" na kubonyeza enta, basi, inakuwa DUKA.BAS. Kulodi ni LOAD"DUKA", au RUN"DUKA" kama unataka ianze kazi hapohapo. Jina mwisho herufi nane. Aliyewahi kutumia CPC 464 ya kaseti, ile ya 1984, atanielewa, kule unakaa dakika kadhaa unasikiliza milio huku unaomba mkanda wa kaseti usikwame, hapa programu ya duka inaingia hata chai sijaikoroga.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni namna inavyoseivu juu ya faili la zamani. Haifuti. Kwanza inaandika kazi mpya kwenye faili la muda lenye mkia wa $$$, ikimaliza kabisa ndo inalipatia lile la zamani mkia wa BAK na jipya linachukua jina. Fikiria hapa kwetu umeme unavyokata bila hodi. Siku moja nilikuwa katikati ya kuseivu, taa nyekundu inawaka, umeme ukaenda. Uliporudi nikafungua nikakuta faili langu la zamani lipo palepale halijaguswa, nilichopoteza ni yale ya nusu saa ya mwisho tu. Kazi iliyo kwenye memori haina betri ya kuilinda, hiyo ikienda imeenda, kwa hiyo seivu kila baada ya dakika kumi hata kama unajiona umetulia. Na kama umeme umekata toa diski kabla haujarudi, maana hizi mashine hazitakiwi kuwashwa wala kuzimwa diski ikiwa ndani, unaweza kuharibu data.

Hizo BAK ndo zimenipa jambo ambalo sikulitegemea. Baba mdogo alikuwa na duka la rejareja, na kwenye diski kuna programu aliyoiandika mwenyewe ya madeni, majina na hela zipo kwenye laini za DATA. Nikalodi DUKA.BAS nikailist, alafu nikalodi DUKA.BAK nikailist nayo, nikaona ya zamani ina laini moja zaidi, jirani mmoja mwenye deni kubwa kuliko wote. Kwenye mpya hayupo. Nikamuuliza mama mdogo huyu alilipa? Akakaa kimya kidogo, akasema, "Hakulipa mwanangu, nyumba yake iliungua, baba yako mdogo akasema huyu tusimdai." Angeseivu mara moja tu tena, hata kwa kurekebisha bei ya sukari, ile BAK ingefutika na nyingine kukaa nafasi yake na mi nisingejua kitu.

Mabaya yapo. Upande mmoja wa diski una 178K, na draivi ina kichwa kimoja, kwa hiyo ukitaka upande wa pili unaitoa unaigeuza kwa mkono kama kaseti. BAK zinakula nafasi, diski ikikaribia kujaa itagoma kuseivu maana inahitaji nafasi ya kuandika jipya la zamani likiwa bado lipo. Unafuta kwa kuandika |ERA,"*.BAK" na ile alama ya mstari wima unaipata kwa SHIFT na @. (Baada ya yaliyonikuta mi sizifuti kabla sijazisoma.) Kufomati diski nako kuna mzunguko, BASIC yake, ile lugha unayoandikia amri ukiiwasha, haina amri hiyo, lazima uingie CP/M, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kwa diski yake na utumie programu ya DISCKIT3, na kama diski hiyo ya mfumo huna basi tafuta kwanza.

Diski zenyewe za inchi 3 hazitengenezwi tena, na za mtumba bei imepanda. Kati ya kumi na moja nilizozikuta kwenye boksi, nane zimesoma pande zote, mbili zinasoma upande mmoja, moja ina ukungu mweupe na sijaiingiza kabisa maana ukungu unahamia kwenye kichwa na utaharibu na nyingine. Kwa Dar ukungu ndo adui kuliko vumbi. Chungulia diski kwanza kwa kusogeza kile kifuniko cha ndani, ukiona madoa usilazimishe.

Najua wapo watakaoniambia weka Gotek, kile kifaa kinachokaa badala ya draivi, chomeka flashi ya USB, sahau mikanda na ukungu. Kwa anayetaka michezo tu ni ushauri mzuri na mi mwenyewe pengine nitaongeza moja kama draivi ya pili. Ila flashi isingenisomea diski za baba mdogo. Kama una diski za mtu wako, tengeneza draivi yenyewe kwanza, zisome, zikopi, alafu ndo ufikirie hayo mengine.

Draivi naipa nane kati ya kumi, mbili nimekata kwa ajili ya mkanda na upatikanaji wa diski. Mkanda wa akiba ninao tayari. Ile diski ya DUKA nimeikopi mara mbili, nikafungua vitundu vya pembeni pande zote ili isiandikike tena, nikamrudishia mama mdogo, ameiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na hati ya nyumba.