Likizo ya kukimbia baridi Bagamoyo, na mafunzo ya kusuka ukindu

Kwa sisi wa Njombe, mwezi wa sita na wa saba si wa kuchezea. Unaamka majani yamefunikwa na sakitu, unavaa sweta juu ya sweta, na nguo ukifua leo hujui itakauka lini. Likizo ya shule ilipofika nikamchukua binti yangu tukashuka pwani. Basi hadi Stendi ya Magufuli, Dar es Salaam, tukaenda stendi ya Makumbusho, hapo tukapanda gari la Bagamoyo.

Tulifikia nyumba ya wageni huko Mji Mkongwe inayotoa chumba pamoja na mafunzo ya kusuka ukindu, yaani majani ya mkindu. Nilitaka zawadi na mapambo ya Krismasi tuyatengeneze wenyewe mapema, maana Desemba bei za dukani zinajulikana.

Chumba ni cha kawaida. Shilingi 45,000 kwa usiku na chai ya asubuhi, vitumbua vya moto kweli kweli. Maji ya bafuni yana chumvi, sabuni haitoi povu, na neti yetu ilikuwa na tundu ambalo tuliliziba kwa kufunga fundo. Joto lenyewe tamu. Wenyeji walikuwa wanalalamikia kipupwe, kijana wa mapokezi kavaa koti, sisi tunatembea na kandambili ufukweni jioni. Tulicheka sana.

Mafunzo ndiyo yenye thamani. Mwalimu ni bibi wa pale pale mjini. Sehemu nyingi za wageni unapewa chane, yaani vipande vyembamba vya jani, tayari, unasuka kidogo, unapigwa picha, basi. Huyu anaanza na jani. Tulichemsha ukindu kwenye sufuria la rangi, tukauanika, ndipo tukaanza kuchana. Chane zote ziwe na upana mmoja. Moja ikizidi, ukili, yaani ule mkanda uliosukwa, unapinda na hakuna namna ya kuunyoosha baadaye. Binti yangu alivuta kwa nguvu, chane ikakatika.

"Polepole mjukuu wangu. Umelilowesha hilo?"

"Bado, bibi."

"Basi lina haki ya kukatika."

Upepo wa kusi ulikuwa unakausha kila kitu, kwa hiyo chane zinakaa ndani ya kitambaa kibichi, unachomoa moja moja unaposuka. Ukili ukishakuwa mrefu unauzungusha na kuushona ukingo kwa ukingo kwa shazia, ile sindano kubwa, ndipo kikapu kinaanza kupanda. Kushona ndiko kulikonitesa, vidole vilivimba. Bibi akiona mshono umelegea anaufumua wote bila kukuomba ruhusa, hata kama wewe ni mtu mzima na umelipa.

Tulirudi na vikapu vidogo, kawa moja ya kufunikia chakula ya mama mkwe, na nyota za kutundika. Kwetu misonobari imejaa, unakata tawi tu na mti wa Krismasi umepata. Nyota nyekundu za ukindu juu yake zitapendeza kuliko yale makaratasi yanayong'aa.

Malipo ya mafunzo ni 15,000 kwa kichwa kwa siku. Niliambiwa vifaa vyote vimo, lakini siku ya kuondoka bili ikaja na rangi pembeni, 5,000. Si pesa ya kugombana, ila ingesemwa mwanzoni. Ulizeni kabla.

Mchana mmoja bibi alikuwa na msiba, tukaenda Kaole, kilomita kama 5 kusini mwa mji. Kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo za mawe. Misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868 nayo ina makumbusho, nendeni asubuhi kabla jua halijawa kali. Jioni tulikula pweza na mihogo ya kukaanga kando ya soko la samaki.

Mwenye watoto wadogo sana sishauri mafunzo haya, kukaa chini ni kwingi na maji ya rangi yanachemka karibu. Anayetaka mkoba mkubwa naye apange siku za kutosha, bibi hakubali kazi ya kulipua. Mimi nitarudi mwakani, ila nitalala kwingine: wanapokea hata wasiolala pale, unalipia mafunzo peke yake. Muongee na bibi mwenyewe siku moja kabla, ili aloweke ukindu wenu.