Kuhamisha kongamano au kubaki hapo hapo na kuongeza ulinzi?

Hili swali haliishi kila kamati ikikaa, sheria za mahali tunapofanyia kongamano zinawabana baadhi ya wageni wetu wa makundi ya wachache, kama waliobadili jinsia, sasa tuhame au tubaki?

Kwa usalama wa kisheria kuhama kunashinda, maana mlinzi wa getini hawezi kumtoa mtu rumande. Na hela ikihama wakubwa wanasikia, NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, waliitoa All-Star Game (mechi yao ya mastaa) ya 2017 Charlotte wakaipeleka New Orleans sababu ya sheria ya North Carolina, jimbo la Charlotte, iliyowabana watu waliobadili jinsia kwenye vyoo vya umma.

Lakini viza jamani! Nchi yenye sheria nzuri mara nyingi ndo hiyo hiyo inayonyima viza, kongamano la UKIMWI la Montreal 2022 wajumbe wengi wa Afrika walikwama hapo, sasa umemlinda nani kama hajafika? Na wachache wanaoishi kule ulikokimbia wanabaki na sheria ile ile, peke yao.

Kubaki ni nafuu kwa hela ila kazi yake nzito: beji iwe na jina analolitumia mwenyewe, utepe wa rangi tofauti kwa asiyetaka picha, gari la usiku mpaka mlango wa hoteli, wakili anayepokea simu saa nane usiku. Kama hamna hivyo msimwite mtu.

Sheria ikimfunga mtu kwa vile alivyo tu, hameni. Kama shida ni matusi ya mtaani na wachache wa pale wanawaomba mbaki, kaeni nao mzungumze kwanza kabla hamjalipia ukumbi.