Nimelipia The Heart Killers, nikapewa maneno ya episodi nyingine

Naandika haya mwishoni mwa Januari 2025, nikiwa bado na hasira. Nikisubiri zipoe nitasamehe, na hawa watu hawastahili kusamehewa mapema hivyo.

Kwa sasa nafuatilia tamthilia tatu za mapenzi ya wavulana kutoka Thailand, zote za GMMTV, kampuni ya huko inayozitengeneza. Jumatano ni The Heart Killers, Ijumaa ni ThamePo, Jumapili ni Perfect 10 Liners. Kwao huanza saa mbili na nusu usiku, maana yake kwetu Afrika Mashariki ni saa kumi na nusu jioni, saa ambayo mtu mwenye kazi hawezi kukaa mbele ya skrini. Ndiyo maana niliamua kulipia jukwaa moja, sitalitaja, lililoahidi toleo lisilokatwa na manukuu kamili siku hiyo hiyo. Bure nilikuwa nayo, maana GMMTV wenyewe huweka episodi zao YouTube zikiwa zimegawanywa vipande vinne. Nililipa kwa sababu nilitaka kukaa usiku, nitulie, nitazame kitu kizima bila kukatwakatwa.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Kwa ambao hawajaanza The Heart Killers: Fadel na Bison ni ndugu wawili wenye duka la baga, na wakifunga duka wanaua watu kwa malipo. Kant ni mchora tatuu mwenye historia ya wizi, na polisi wamembana ampeleleze Bison. Fadel ni mkali, hamruhusu mtu kumsogelea mdogo wake, kwa hiyo Kant anamtuma rafiki yake Style, fundi magari asiye na aibu hata chembe, amtongoze huyo kaka ili njia iwe wazi. Ukiwa umesoma The Taming of the Shrew ya Shakespeare utauona mfupa wake mara moja, ila huku yule anayetakiwa kulainishwa ana bastola. Kwa hiyo tangu mwanzo tunajua wawili wanadanganya na wawili wanadanganywa, na ingawa waliodanganywa ni wauaji, sisi ndio tunaowahurumia. Tamthilia nzima imesimama juu ya swali moja tu: Bison akijua kwamba Kant alitumwa, itakuwaje?

Wiki hiyo ndiyo anajua. Nimeisubiri siku hiyo kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Nimezima taa, nimevaa hedifoni, bando liko la kutosha. Na hapo hapo, sura ya Khaotung, anayemwigiza Bison, ikianza kubadilika, midomo inatetemeka, manukuu chini yanaongelea chakula. Mtu anaagiza, mwingine anamjibu kwamba vitunguu vimekwisha. Nikarudisha nyuma, vile vile. Nikatoka, nikaingia upya, vile vile. Walikuwa wamebandika manukuu ya episodi nyingine kuanzia katikati hadi mwisho. Mtu yuko pale anavunjika moyo, na mimi nasomeshwa habari za vitunguu.

Nikaandikia huduma kwa wateja. Wa kwanza akaniambia nizime simu niiwashe. Sawa, hilo wanaambiwa wote. Nikajibu kwa upole kabisa, nikatuma na picha ya skrini. Akaja wa pili. Huyu wa pili ndiye sababu ya mimi kuandika haya yote. Aliniuliza picha inaonekana? Nikasema inaonekana. Sauti inasikika? Inasikika. Basi akaniambia kwamba kwa upande wao huduma inafanya kazi, na kwamba tatizo langu ni dogo, kwa kuwa picha naiona. Akafunga mazungumzo. Hakuna pole, hakuna tutashughulikia.

Picha naiona!

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tunajua thamani ya neno katika filamu ya kigeni. Tulikuwa na DJ akitutafsiria Kihindi na Kichina, akiongeza chumvi yake, akikohoa, akiwasalimia watu wa mtaani kwao, lakini hakuwahi kutuacha gizani. Alipojua kwamba steringi anamwambia mama yake kwaheri, alihakikisha hata mtoto wa nyuma kabisa amelia. Hizi za wavulana wa Thailand hakuna DJ atakayezigusa, sote tunajua kwa nini. Kwa hiyo tunategemea manukuu, na kwa miaka mingi tuliyapata kwa mashabiki waliojitolea, watu waliokesha wakitafsiri bila kulipwa senti, wakiweka na maelezo ya kitu ambacho mgeni asingekielewa. Hao walikuwa wanaipenda kazi. Huyu niliyemlipa ameniambia picha naiona.

Na hasira hiyo, nakiri wazi, imepaka rangi kila kitu nilichotazama tangu siku ile. Nimeanza kuona kasoro za The Heart Killers ambazo kabla nilizipita. Hawa polisi ni polisi wa aina gani, operesheni nzima ya kukamata wauaji inamtegemea mchora tatuu mmoja na urembo wake? Matangazo ndani ya hadithi nayo yamenichosha. Watu wana siri za kufa na kupona, halafu wanasimama kusifia bidhaa huku lebo imegeuziwa kamera. Najua fedha za kutengeneza zinatoka huko, na kwa siku za kawaida sijali. Lakini baada ya vitunguu vile, kila chakula kwenye skrini kinanipandisha mori.

Jojo Tichakorn, mwongozaji, huwa ana tabia ya kuwaacha watu wake wafanye mabaya bila kuwaombea radhi. Alifanya hivyo kwenye Only Friends mwaka 2023, ambako First, anayemwigiza Kant, na Khaotung hawa hawa walikuwemo, na pale palichoma kwelikweli kwa sababu hakukuwa na bastola, kulikuwa na marafiki tu wanaoumizana. Huku bastola zinampa njia ya mkato. Mambo yakikwama, mtu anatekwa. Wiki iliyopita ningesema hiyo ni raha yake. Leo nasema ni uvivu.

Hapana, ngoja. Siwezi kusema uvivu halafu nikalala. Joong, anayemwigiza Fadel, na Dunk, anayemwigiza Style, wananishangaza kila Jumatano. Niliwajua kwenye Star in My Mind mwaka 2022, tamthilia laini ya kutazama ukiwa na mafua, na sikuwahi kudhani Joong angeweza kumbeba mtu kama Fadel, mtu anayependa kwa kukunja uso. Kuna namna anavyomtazama Style akiwa anaongea upuuzi wake, kwanza anataka kumpiga, kisha anataka aendelee kuongea, na yote mawili unayaona kwa sekunde tatu. Hiyo si ya mwandishi, ni ya mwigizaji. Na Khaotung, jamani. Tangu tamthilia yake ya The Eclipse nilisema huyu kijana akilia analia na mabega.

Na hapa ndipo ninapozidi kuudhika, maana yule mtu wa huduma kwa wateja alikuwa na chembe ya ukweli bila kujua. Niliitazama ile sehemu tena bila kusoma chochote, nikaziba chini ya skrini kwa daftari. Na niliielewa. Nilielewa Bison anaposhikwa na uchungu, nikaelewa anapouficha, nikaelewa Kant anajaribu kueleza na haelezeki. Nililia. Baadaye nilipopata maneno sahihi sehemu nyingine, nikakuta nimekosa jambo moja kubwa, sentensi moja ya Kant iliyobadilisha kwangu kila kitu kilichotangulia. Kwa hiyo la, picha peke yake haitoshi. Nilipata machozi, sikupata sababu yake. Hiyo sentensi niliilipia na sikupewa.

Perfect 10 Liners nitaipitia haraka kwa sababu nayo hainipi cha kukesha. Episodi 24, kapo tatu, kila kapo nane. Ni chuo kikuu tena, kama ilivyo desturi tangu SOTUS ya 2016, na nane za kwanza, za waigizaji Force na Book, nilizivuta kama gari bovu. Nilishaandika mahali kwamba naiacha. Kisha zamu ya Perth na Santa ikaingia na nikabaki. Perth namfahamu tangu Love by Chance ya 2018, alikuwa mtoto kabisa, na kumwona leo amekuwa mtu mzima anayejua kunyamaza mbele ya kamera kumenifurahisha. Bado nasema ni ndefu mno. Ila Jumapili najikuta nipo.

ThamePo ndiyo inayonishikilia. Kundi la muziki la Mars lina vijana watano, kiongozi wao Thame anaandaliwa kwenda Korea kuanza upya peke yake, na Po anaajiriwa kurekodi filamu ya tamasha la mwisho. Hao vijana watano ni LYKN, kundi halisi la muziki, waliotokana na shindano la Project Alpha, kwa hiyo wanapogombana chumba cha mazoezi unaona watu waliozoeana miguu hadi jasho. William, anayemwigiza Thame, anaimba, tunajua. Lakini Est kama Po ndiye aliyenikamata. Po ni mtu aliyejitoa sana kwa mpenzi wa zamani mpaka akasahau kwamba kazi aliyoifanya ilikuwa yake. Anapokea shukrani kama mtu aliyepewa kitu kimakosa. Wengi wetu tunamjua mtu wa namna hiyo, na hatumwoni mara nyingi kwenye tamthilia hizi, ambako kila mtu ni mrembo na ana uhakika na urembo wake. Huku mapenzi yanaingia polepole, kwa njia ya kusaidiana kazi, na siri yao inatisha zaidi ya bastola zote za Jumatano, maana msanii kijana akijulikana ana mpenzi, kampuni na mashabiki wanaweza kumla mzima.

Nataka mjue pia hali ya wiki hiyo ilivyokuwa. Alhamisi ya tarehe 23 Januari 2025, katikati ya Jumatano ya wauaji na Ijumaa ya wanamuziki, sheria ya ndoa sawa ilianza kutumika Thailand, nchi ya kwanza Kusini-Mashariki mwa Asia. Siku hiyo moja zaidi ya jozi 1,800 zilijiandikisha nchini kote, na Bangkok walikusanyika Siam Paragon, jengo la maduka, watu wengine wamezeeka pamoja wakisubiri cheti. Nimetazama tamthilia hizi kwa miaka nikijiambia ni hadithi za kupoza moyo tu. Nilipoona picha za wazee wale wameshika vyeti vyao sikuweza kusema hivyo tena. Jioni iliyofuata nikamtazama Po akiogopa kushikwa mkono mbele ya watu, na ilinigusa tofauti kabisa. Mimi huku natazama na hedifoni, mlango nimefunga. Ndiyo maana naumia mtu akiniambia tatizo langu ni dogo. Saa hiyo moja kwa wiki ni yangu, nimeilipia kwa pesa yangu, na sina mahali pengine pa kuipata nikiwa na utulivu ule.

Hadi naandika hili manukuu ya ile episodi hayajarekebishwa. Nimeomba warudishe pesa ya mwezi, kimya. Nilitaka kujitoa kabisa, nimefika hadi kwenye kitufe, kisha nikakumbuka ThamePo imebakiza karibu nusu nzima na toleo lao halijakatwa, nikakiacha. Nitajitoa ikiisha. Au wakirudia tena Jumatano hii nitajitoa Jumatano hii hii, hilo bado sijaamua.

Mkiniuliza alama: The Heart Killers ilikuwa nane kwangu, leo naipa sita na nusu, na najua hiyo moja na nusu haikupotezwa na Jojo wala Khaotung. ThamePo tisa. Perfect 10 Liners tano, ila ruka uanze na Perth na Santa, hapo ni saba. Kama hujaanza yoyote, anza na Po, tazama YouTube, na usimlipe mtu kifurushi cha mwaka mzima kabla hujaona jinsi anavyojibu malalamiko.