Uzoefu wangu na Obsidian: madaftari ya mwandishi wa Ujiji

Naandika hadithi na tamthilia za redio, niko Ujiji. Wenzangu wa kazi hizi mnaijua hali: kaunta buku zimerundikana chini ya kitanda, karatasi zimechomekwa humo ndani, simu imejaa sauti nilizorekodi Kibirizi wakati wavuvi wanasubiri mbalamwezi ipite warudi kwenye dagaa. Karibu kila daftari lina kazi iliyoachwa njiani.

Obsidian ni programu ya bure ya kuhifadhi maandishi, ilianza kutolewa mwaka 2020. Kilichonivuta ni kwamba kila unachoandika kinakaa kwenye simu yako kama faili la maandishi ya kawaida. Kuandika na kutafuta hakuli bando. Ukiichoka, mafaili ni yako na yanafunguka kwingine.

Utamu wake niliuona kwenye hadithi ya Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Nilifungua ukurasa wenye jina hilo, nikaweka mambo ya msingi: Wajerumani waliizamisha mwaka 1916 isiangukie mikononi mwa maadui, injini wakaipaka grisi kwanza, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Kumbe programu inaweza kukuorodheshea kila ukurasa mwingine ulipolitaja jina, hata kama hukuuunganisha. Ikanitolea mstari wa mama mmoja wa bandarini aliyesema honi ya meli ndiyo saa yake ya kuinjika maharage. Ulikuwa umelala kwenye tamthilia ya ndoa, iliyokwama onyesho la pili. Nikaziunganisha kazi zote mbili, na mama wa maharage sasa ndiye mhusika mkuu.

Kuna ramani ya vinukta na mistari inayoonyesha kurasa zinavyohusiana. Nzuri ya kumringishia rafiki; mimi haijaniandikia hata sentensi. Huduma yao ya kuoanisha simu na kompyuta inalipiwa, kwa hiyo nahamisha kwa waya, basi.

Picha ya ukurasa wa daftari unaweza kuipachika, ila maneno yaliyo ndani ya picha hayatafutiki hivihivi. Lazima uchape. Ushauri wangu: usichape yote! Mimi nachapa kile tu ambacho bado nakumbuka kwa nini nilikiandika. Mengine yabaki na vumbi lake.

Kazi zilizokwama nimeziwekea folda inayoitwa Zimelala, na juu ya kila moja naandika mstari mmoja wa kilichoikwamisha. Mfano: “Baba amejuaje siri?” Huo mstari unanifaa kuliko muhtasari wa kurasa tatu, maana nikiwa kwenye daladala ya Mwanga naweza kulijibu swali hilo moja, nikalichapa hapohapo kabla ya kushuka.

Kwa mtu mwenye shairi moja moja, daftari linamtosha. Mwenye gunia la vipande kama langu, ipakue.