Tata Memorial, Mumbai: matibabu ya uvimbe wa ubongo wa baba mkubwa

Nyota tano kwa hii hospitali ya saratani ya India, na nawaandikia hasa wenye mgonjwa wa kichwa wanaojiuliza waende au wabaki. Baba mkubwa alianza kuchanganya majina ya wajukuu, mguu wa kulia ukawa mzito, MRI ikaonyesha uvimbe ndani kabisa ya ubongo. Hospitali ya kwanza huku nyumbani wakampa deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, siku ileile, kesho yake anaongea vizuri anaomba uji, tukashangilia jamani, kumbe ni limfoma ya ubongo, saratani ya aina fulani ya seli nyeupe za damu, na hiyo dawa huwa inaiyeyusha kwa muda tu, wakija kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupima, maabara wanakosa jibu. Ndo kilichotupata.

Tata wakampunguzia steroidi taratibu, wakarudia picha mpaka uvimbe ukaonekana tena, ndo wakatoboa tundu dogo kwenye fuvu wakavuta kinyama kwa sindano. Nikauliza mbona msiutoe wote, daktari akatuchorea kwenye karatasi, seli zake zimetapakaa kuliko MRI inavyoonyesha, kwa hiyo kisu hakiumalizi, kazi kubwa ni ya dawa. Wakapima na VVU, halafu macho na maji ya uti wa mgongo maana limfoma hii hupenda kujificha huko.

Sasa manesi wa kemo, Mungu awabariki. Methotrekseti, ndo dawa yenyewe ya kemo, anapewa dozi kubwa mno kwa sababu ndogo haipenyi vizuri kufika ubongoni, na mkojo ukiwa na asidi dawa inaganda kwenye figo. Basi kila mzee akikojoa, hata saa nane usiku, nesi anachovya kikaratasi, anaangalia rangi, ikionyesha asidi anaongeza bikaboneti ya kuipunguza kwenye dripu. Baadae inafuata asidi ya foliniki ya kuokoa seli zenye afya, na hatoki wodini mpaka damu ionyeshe methotrekseti imeshuka vya kutosha.

Picha ya mwisho uvimbe hauonekani, anaendelea na kliniki. Majina ya wajukuu yamerudi, mguu bado bado.

Mkienda bebeni CD ya MRI na vile vibloku vya nta ambavyo maabara wanahifadhia kinyama, msibebe ripoti peke yake. Na kama daktari anataka kuanza steroidi kabla ya kinyama muulizeni je hii haiwezi kuwa limfoma? Mgonjwa akiwa amezidiwa hapo mwacheni ampe, lakini mgonjwa anayetembea na kula mwenyewe, ulizeni kwanza.