Chumba na sebule kwa laki nne: Karume imenibeba, wolpepa za povu sizitaki

Jamani mlioniuliza mapazia nimeyatoa wapi: soko la Karume, Ilala hapa Dar, ya mtumba. Naandika yote hapa maana nikimjibu mmoja mmoja sitamaliza, na pia kwasababu inaniuma kuona watu wanamwaga hela kwenye vitu vya kubandika ukutani wakati ukuta wenyewe mgonjwa.

Mimi ni mpangaji, chumba na sebule huku Tabata, kodi tunalipa miezi 6 kwa mkupuo, kwahiyo hela ya kupamba ni ile iliyobaki baada ya kodi: laki nne. Sofa na kitanda vilikuwepo, sijavigusa.

Naanza na wolpepa. Aliyekaa hapa kabla yangu alibandika zile za povu zenye mchoro wa matofali, zile unamenya karatasi nyuma unagandisha. Kwenye picha zinavutia kweli na zinauzwa kila kona. Mwenye nyumba akaniruhusu nizitoe, nikatoa, aisee. Ukuta nyuma mweusi fangasi tupu, plasta inatoka nazo mabonge mabonge, na ule uvundo uliokuwa umejaa chumba kizima ukajulikana unatoka wapi. Nyumba zetu nyingi hizi za chini unyevu unapanda kutoka kwenye msingi, na Dar hewa yenyewe imejaa maji, sasa ukiziba ukuta na povu lisilopitisha hewa yale maji yataenda wapi, yanakaa hapo hapo yanaotesha fangasi na wewe unalala pembeni yake unavuta ile hewa kila usiku. Kama una mtoto mwenye pumu ndani usithubutu kabisa. Ukiwa ghorofani ukuta mkavu labda zitakufaa, mimi kwa nyumba ya chini nazipa 2 kwa 10, na hiyo 2 ni ya urahisi wa kubandika tu.

Kabla hujanunua chochote cha ukutani pima unyevu, ni bure: kata kipande cha nailoni, kibandike ukutani chini kwa solotepu pande zote nne kisipitishe hewa, kiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone upande wa ukutani, ukuta unatoa maji na usipake kitu mpaka ukauke. Ukikuta unga mweupe hiyo ni chumvi, isugue na brashi kavu, usiioshe na maji maana itayeyuka irudi ndani ya ukuta ikija kukauka inatoka tena. Na kama huna haraka subiri masika iishe, mwezi wa 6 mpaka wa 9 upepo mzuri, ukuta unakauka vizuri.

Sasa fundi. Nilimpata kupitia jirani, kijana mtulivu, nampa 9 kwa 10. Chumbani kwangu ilikuwa ile staili yetu ya rangi ya mafuta kuanzia chini mpaka kiunoni, juu rangi ya maji. Fundi wa kwanza kuja kuangalia aliniambia tunapiga rangi ya maji juu yake siku moja tumemaliza, bei chee. Huyu wa pili akakataa, akasema dada hapa bila msasa na praima (ile rangi ya kwanza ya kushikisha) itabanduka yote, na alichosema ni kweli kabisa, rangi ya maji haishiki kwenye mafuta yanayoteleza. Akapiga msasa wa maji, yaani analowesha huku anasugua ili vumbi lisiruke, maana rangi za mafuta za zamani nyingine zina madini ya risasi na vumbi lake ni baya sana kwa watoto. Kwahiyo kama mna watoto siku hiyo wapelekeni kwa bibi, na mkimaliza mpige deki, msifagie. Fangasi ilisafishwa na jiki iliyochanganywa na maji, madirisha wazi, ikaachwa ikauke vizuri, ndo ikaja praima, putti kwenye mashimo, alafu koti mbili za rangi. Pointi moja nimemkata kwasababu hakufunika sakafu, matone kwenye tailizi nimekwangua mwenyewe jioni nzima.

Hesabu ya rangi wengi wanapigwa hapa. Chumba cha mita 3 kwa 3 na nusu, kimo mita 2.7, ukitoa mlango na dirisha unabaki na kama mita za mraba 31. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta uliolainishwa inafunika kama mita za mraba 10 kwa koti moja, kwahiyo koti mbili unahitaji lita 6 na kidogo. Ndoo moja ya lita 20 imetosha chumba na sebule na imebaki ya kuzibia michubuko. Nilikuwa nimeandikiwa ndoo mbili na duka moja, nikawapa vipimo tena mbele yao wakakubali moja inatosha. Pima mwenyewe, nenda na namba. Na ndoo ifunguliwe mbele yako, uone ni maji kiasi gani yanaongezwa, soma maelekezo kwenye ndoo, mafundi wengine wanaongeza maji mpaka koti nne hazifuniki kitu. Rangi niliyochagua ni maziwa inayoelekea krimu, chumba chenye dirisha dogo rangi nzito zinakibana. Rangi ilikuwa 90,000, praima na putti na msasa 45,000, fundi 80,000. Ndiyo, zaidi ya nusu ya bajeti imeingia kwenye ukuta na sijutii hata shilingi.

Haya, Karume. Kwanza nilipita Kariakoo kuulizia mapazia mapya, ukijumlisha kitambaa na kushona dirisha moja linakaribia elfu 80, na kitambaa chenyewe polista nyepesi ukiishika unaona vidole vyako. Nikavuka Ilala. Soko liliungua lile Januari 2022, watu walipoteza mali zao zote, na wale wale wamesimama tena wanauza, mimi kwenda kuwaungisha naona raha kabisa. Mapazia yako kwenye marundo na mengine yametundikwa. Nimepata mazito, pamba iliyochanganywa na kitani, yana kitambaa cha pili nyuma cha kuzuia jua, kitu ambacho ukitaka kushonewa kipya utalia. Nikaambiwa 30,000 jozi. Nikasema 15. "Dada angu mzigo umepanda, ongeza kidogo tuuziane." Tukamalizana 20,000. Jozi mbili 40,000 na shia mbili (yale mapazia mepesi ya ndani yanayopitisha mwanga) 20,000.

Mambo ya kujua ukienda. Beba futi yako na vipimo vya dirisha kwenye simu. Mengi yanatoka Uingereza, na kule urefu wa dukani ni inchi 54, 72 au 90. Ukitaka lifike sakafuni tafuta 90, hiyo ni kama mita 2 na sentimita 29, hizo 54 ni za kuishia chini kidogo ya dirisha. Upana wa pazia zote mbili ukijumlisha uwe angalau mara moja na nusu ya urefu wa bomba la kutundikia, ikifika mara mbili ndo linakunja vizuri. Liinue juani ulitazame kwa nyuma, jua linaonyesha matundu na sehemu zilizopauka ambazo kwenye kivuli cha kibanda huzioni. Angalia kichwani: yenye matundu ya chuma yanaingia kwenye bomba moja kwa moja, yale yenye utepe yanahitaji vindoano, vinauzwa Kariakoo kwa bei ndogo ila omba vya plastiki maana vya chuma kwa hewa yetu vinashika kutu na kuchafua kitambaa. Nenda asubuhi mzigo unapofunguliwa. Ukifika nyumbani loweka, fua kwa maji ya baridi, kitani kwenye maji ya moto kinarudi. 9 kwa 10, ningeweka 10 ila hakuna pa kulitandaza pazia lote ukaliona, unakaguliana na muuzaji kwenye kanjia kembamba huku watu wanapita.

Bomba litundike juu, karibu na silingi, usilibandike kwenye usawa wa dirisha. Chumba kinaonekana kirefu zaidi na pazia linashuka vizuri. Mabomba na vindoano 38,000.

Taa msizidharau. Kwenye boksi la balbu kuna namba, 6500K ni ule mwanga mweupe wa dukani, 3000K ni wa njano uliotulia. Nimetoa zote nyeupe nikaweka 3000K za wati 9, umeme ule ule, Luku haijabadilika, ila rangi ya ukuta jioni inapendeza mno. Balbu nne 16,000.

Kapeti la mpira sebuleni 50,000, la kawaida, linasafishika, 6 kwa 10 kwasababu pembe zinajikunja usipoziwekea uzito. Foronya za mito ya kwenye sofa nimeshonewa na fundi cherehani wa mtaani kwa kitambaa cha pazia nililokuta moja halina mwenzake, hapo hapo Karume, jumla 20,000.

Keko, kwa mafundi wa fanicha, nilienda kuulizia kuvalisha sofa upya. Kazi zao nzuri sana, nimeona makochi ya zamani yametoka mapya kabisa, ila bei inategemea na sponji na kitambaa, ukienda na kitambaa chako inashuka. Nikishalipa kodi ya mwezi wa 7 narudi pale, na kitambaa nitakinunua Karume.