Pakeji ya vipimo vya ini: damu wanachukua vizuri, majibu wanakuachia njiani

Wadau habari zenu. Mimi nina sukari mwaka wa 9 huu, kitambi ninacho, trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) ziko juu toka kitambo, na juzijuzi ultrasaundi ikaonyesha ini limejaa mafuta. Daktari wa kliniki akasema nikapime damu ya ini nimletee majibu, ndo nikaenda maabara moja ya binafsi hapa Dar (jina nalihifadhi), wana pakeji ya ini kwa 85,000, ndani kuna ALT, AST na GGT (vimeng'enya vya ini), bilirubini, albumini pamoja na FBP, yani kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu.

Nianze na sifa maana wanastahili. Mishipa yangu inajificha sana, kuna sehemu nimeshatobolewa mara nne kwa siku moja, ila yule dada wa pale alifunga mpira, akapapasa kwa kidole taratibu, "baba kunja ngumi, maji umekunywa leo?", sindano moja tu damu hiyo. Halafu ile chupa ya kifuniko cha zambarau akawa anaigeuza juu chini polepole, nikamuuliza ya nini hiyo, akanambia isipochanganyika na dawa iliyomo damu inashikana vibonge na chembe sahani (zile za kugandisha damu) mashine inazihesabu pungufu. Nilifurahi kwakweli, mtu anajua kazi yake na anakueleza bila kukukaripia. Saa kumi jioni majibu yakaingia WhatsApp.

Sasa hapo kwenye majibu ndo shida yangu ilipo. Karatasi nzima haina hata alama moja ya nyota pembeni ya kuonyesha namba isiyo kawaida, AST 38, ALT 36, chembe sahani 170, vyote viko ndani ya kiwango chao, na nilipopiga simu nikaambiwa "mzee uko vizuri kabisa, hamna tatizo". Nikalala usingizi mzito siku hiyo.

Kesho yake daktari akachukua karatasi ileile, akatoa simu yake, akachukua umri wangu 54 akazidisha na AST, akapata 2052. Halafu akachukua chembe sahani 170 akazidisha na kipeuo cha pili cha ALT, yani 36 kipeuo chake 6, ikaja 1020. Akagawanya, 2.01. Hiyo inaitwa FIB-4, inakadiria makovu kwenye ini, siyo mafuta, na makovu ndo yanayoleta sirosisi (ini kukakamaa) huko mbele. Chini ya 1.3 unaambiwa hatari ni ndogo, juu ya 2.67 hatari kubwa, mimi niko katikati, maana yake lazima kipimo kingine. Yani namba moja moja zote nzuri ila ukizikutanisha zinasema kitu kingine kabisa! Akanieleza ini likianza kuwa na makovu chembe sahani zinashuka pole pole na AST inaanza kuipita ALT, na kwamba watu wengi wenye mafuta kwenye ini ALT yao iko kawaida tu, kwa hiyo kumwambia mgonjwa wa sukari yuko vizuri kwa sababu ALT haijapanda siyo sahihi.

Na hesabu yenyewe siyo mpya jamani, ipo toka 2006, ilianzia kwa watu wenye VVU na homa ya ini C kwa pamoja, leo ndo kipimo cha kwanza kinachoshauriwa kwa watu wa sukari na unene. Maabara umri wangu wanao, AST wanayo, ALT wanayo, chembe sahani wanazo, kuongeza mstari mmoja kwenye karatasi hakuwagharimu hata shilingi. Badala yake dada wa mapokezi alikuwa ananisukumia pakeji kubwa ya 190,000 yenye AFP, na AFP ni ya kutafuta dalili za saratani ya ini, swali langu mimi haikuwa inalijibu.

Kingine, pale mapokezi hakuna anayeuliza kama umetoka kuumwa. Mzee mwenzangu benchini alikuwa bado anamalizia dozi ya mseto, siku ya pili, kachukuliwa damu hivohivo. Malaria inashusha chembe sahani, dengi nayo hivohivo, na zikishuka FIB-4 inapanda bila ini kuwa na kosa lolote, mtu anaweza kwenda nyumbani na hofu ya bure. Na kama una miaka zaidi ya 65 kile kiwango cha chini kinasogea mpaka 2.0, kwa vijana wa chini ya 35 hesabu hii haiaminiki sana.

Mimi nikapelekwa FibroScan hospitali nyingine, ile mashine inayogongagonga ubavuni huku umelala mkono uko kichwani, haiumi, inapima ugumu wa ini, ikasoma 7.2, na chini ya 8 makovu makubwa hayategemewi. Namshukuru Mungu. Nimeambiwa nipunguze uzito asilimia 7 mpaka 10, nina kilo 94, kwa hiyo kama kilo 7 hadi 9 hivi, soda nimeshaacha na ugali wa usiku nimepunguza nusu.

Nyota nawapa 3 kati ya 5, zote ni za yule dada wa sindano na uharaka wao. Mkienda pale kachukueni FBP na vipimo vya ini damu ya siku moja, mkiwa hamna homa, halafu hesabu fanyeni wenyewe kwa simu na muipeleke kwa daktari. Nilirudi nikamueleza msimamizi wao, alinisikiliza vizuri na akaandika kwenye daftari. Mwakani narudi kupima, mstari wa FIB-4 nikiukuta kwenye karatasi naongeza hizo nyota mbili hapahapa.